Sungura wa Leningrad

Mkuyuni, Mwanza
9 Machi 1975

Mwanangu Specioza,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumatano. Nimeisoma mara tatu peke yangu, halafu nikaisoma mbele ya darasa la watu wazima, maana siku hizi kiongozi wa kundi letu ni mimi. Tuliacha somo la choo bora tukasoma Specioza.

Nilipofika pale unaposema umeingizwa kwenye maabara ya uti wa mgongo, nikarudia ili neno liwaingie. Mama Ng'washi akauliza, "Uti wa mgongo ndiyo nini?" Nikamjibu, "Ndiyo kamba inayokufanya usimame hapo unisumbue." Nikawaeleza kwamba wewe na maprofesa mnatengeneza dawa ya waliovunjika migongo. Neno dawa hukuliandika, najua, lakini mtu haendi mbali kiasi hicho kuota moto wa watu. Mama Ng'washi akasema, "Bernadetta, huyu mwanao wangempeleka kufagia uwanja wa ndege, ungetuambia anarusha ndege." Wakacheka wote. Nami nikacheka, lakini chai sikumpa.

Waache waseme Wahaya tunajisifu. Mimi niliishia darasa la nne kwa masista, na baba yenu marehemu Ponsian la sita, leo mtoto wetu anafundishwa na watu waliopeleka mtu angani. Ninyamaze kwa sababu gani?

Nimekutumia senene kwenye kopo la maziwa ya unga. Nimewakaanga mpaka wamekauka. Wape na maprofesa. Wakiwakataa, basi elimu yao ina kasoro.

Gosbert hajambo. Yeye na Malimi, yule fundi mwenzake, wamejitolea kupaua madarasa ya shule kwenye kijiji cha ujamaa, mbele kidogo ya Kisesa. Anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi na vumbi hadi kwenye kope, anakula kama kikosi kizima. Nataka picha yako umevaa koti jeupe. Msumari umeshapigiliwa ukutani.

Mama yako,
Bernadetta

Dada, shikamoo. Msumari nimepigilia mimi, yeye alikuwa anaamuru. Naanza kuchonga fremu, kubwa, maana picha ndogo haitamtosha. Usicheke unapopigwa picha. Meno ya kwetu yanamtangulia mtu. – Gosbert


Leningrad
2 Aprili 1975

Mama mpendwa,

Shikamoo. Senene wamefika. Profesa alikula mmoja, akafumba macho, nikadhani atatema. Akaomba wa pili.

Picha hiyo hapo. Sikucheka, mwambie Gosbert.

Najua utauliza nafanya nini hasa. Ni vigumu kueleza kwa barua. Nashughulika na wanyama wa majaribio, wale ambao migongo yao imejeruhiwa. Naingia saa kumi na mbili asubuhi kabla ya masomo, narudi tena mchana na jioni. Profesa anasema nina mikono mizuri. Lakini usiwaambie watu mambo makubwa sana, Mama. Mimi bado ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Barafu imeanza kuyeyuka. Nimeikumbuka sana harufu ya sato akikaangwa.

Mwanao,
Specioza


Mkuyuni, Mwanza
11 Mei 1975

Mwanangu Specioza,

Marahaba. Picha iko ukutani. Fremu imeizidi picha pande zote, Gosbert aliimaliza kabla haijafika, alikuwa na haraka zake. Watu wanakuja kuangalia. Katibu wa tawi alisimama mbele yako akavua kofia. Kasema alisikia joto tu, lakini nilimwona.

"Mikono mizuri." Profesa hawezi kumwambia hivyo kila mtu. Nimelirudia neno hilo mpaka Mama Ng'washi akaniambia atahama mtaa.

Sasa nina swali. Unamkumbuka Malimi. Ijumaa ya tarehe kumi na nane Aprili alikuwa juu ya kenchi za paa pale shuleni, boriti ikateleza, akaanguka chali kwenye rundo la matofali. Yuko hospitali. Mikono mizima, akili nzima, ulimi mzima, ila kuanzia kitovuni kushuka chini hasikii kitu. Ukimfinya anakuangalia kama umemfinya mtu mwingine.

Kuna muuguzi anaitwa Wilhelmina, mwanamke mwembamba, hana maneno mengi. Kazi yao ni kumgeuza kila saa mbili kama chapati, na kumkausha. Nilimuuliza, dawa wataanza lini? Akasema, "Mama, dawa ya kuunga uti wa mgongo haipo duniani." Nikamuuliza, dunia ipi? Nikatoa picha yako kwenye mkoba, nilikuwa nimeitoa ukutani makusudi. Akaiangalia vizuri. Akasema, "Ana uso mzuri." Akaenda kumgeuza mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo niambie wewe unayejua. Dawa yenu imefika wapi? Na Malimi afanye nini wakati anaingoja? Ana miaka ishirini na miwili. Anauliza kila siku.

Gosbert anakusalimu. Safari hii hakuandika, kazi imemzidi, maana anashika na ile ya Malimi.

Mama yako,
Bernadetta


Leningrad
3 Juni 1975

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari ya Malimi imeniumiza. Namkumbuka alivyokuwa anapita dirishani kwetu akiimba ili tujue amepita.

Uti wa mgongo, Mama, si mfupa. Ni kitu laini kama uboho, kinapita katikati ya pingili za mgongo, na ndicho kinachopeleka amri za kichwa miguuni. Ukijeruhiwa, kila mtikisiko unauongezea madhara. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni utulivu: mgongo uliojeruhiwa usitikiswe.

Kuhusu dawa, majaribio yanaendelea. Wiki iliyopita mnyama wetu mmoja alivuta mguu. Profesa aliandika jambo hilo kwa wino mwekundu. Ni mapema kusema zaidi, lakini watu wengi duniani wanalishughulikia. Malimi asikate tamaa.

Mbona Gosbert haandiki? Mwambie hata mstari mmoja unatosha.

Mwanao,
Specioza


Mkuyuni, Mwanza
6 Julai 1975

Mwanangu Specioza,

Marahaba, na tena marahaba. Hii barua yako ningeitia kwenye fremu kama fremu isingekuwa na mtu ndani.

Niliipeleka wodini siku ileile. Nikamsomea Wilhelmina kwa sauti, wagonjwa wote wanasikia: mgongo uliojeruhiwa usitikiswe. Akaniambia, "Mama, hayo ni ya siku za kwanza. Sasa asipogeuzwa ataoza." Nikamuuliza alisomea wapi. Akanitajia, hapa hapa nchini. Nikamwambia wangu yuko Leningrad. Aliendelea kukunja shuka.

Basi Malimi tumemtoa. Walikataa, tukasisitiza, mama yake akatia saini kwamba anamchukua kwa hiari yake. Mwandiko mzuri. Sasa amelazwa chali kwenye ubao ulionyooka, mifuko ya mchanga huku na huku, na hakuna anayemsogeza. Leo siku ya kumi na nne, hajatikiswa hata kidogo. Hata mimi nikipita na ndoo napita taratibu, sakafu isitikisike. Analishwa chali, anaoshwa usoni na kifuani, basi. Kama ni utulivu, hata wewe hujauona wa namna hii.

Kuna harufu kidogo, lakini hilo ni joto, na sabuni hakuna. Foleni ya duka la ushirika inafika mpaka barabarani. Juzi mwili wake ulianza kupata moto. Nimeweka mkono mwenyewe. Nadhani damu imeanza kurudi huko chini.

Nimemwambia kuhusu yule mnyama aliyevuta mguu. Alicheka, halafu akageukia ukuta, kichwa tu.

Dawa hata kama haijakamilika, mpe mtu yeyote anayekuja likizo. Yule mtoto wa mzee Rutashobya anasoma Moscow, si mbali na kwako. Atakayepewa asiiweke kwenye mizigo ya chini, aishike mkononi.

Gosbert anakusalimu sana.

Mama yako,
Bernadetta


Mkuyuni
13 Julai 1975

Dada Specioza,

Shikamoo. Naandika nimelala chali, karatasi iko juu yangu, kwa hiyo mistari inapanda kama paa. Nisamehe.

Malimi ni mzima. Ndiye atakayepeleka barua hii posta, na amenuna, anasema mama amemvunja mgongo bila kumuuliza. Aliyeanguka ni mimi.

Mama alisema usiambiwe. Baba alipokufa uliacha mtihani ukarudi, ukapoteza mwaka mzima. Akasema safari hii hapotezi mtu chochote. Na mimi nilikubali, kwa hiyo usimlaumu peke yake. Ukiwa umelala hivi, ni raha kujua kuna mmoja wetu anatembea.

Nakuandikia kwa jambo moja. Hospitalini walikuwa wananigeuza. Tangu barua yako, mama hataki. Sina maumivu ya kulalamikia, huko chini hakuna mtu nyumbani. Lakini leo mama alipokwenda misa, nilimwomba Malimi aninyanyue kidogo aangalie. Aliangalia, akanyamaza. Malimi unamjua, hanyamazi. Nikamwambia, sema. Akasema pale juu ya makalio pana shimo, mfupa unaonekana, kama boriti iliyoliwa na mchwa.

Nikimwambia mama nigeuzwe, ananiuliza, "Nani anajua, Wilhelmina au dada yako?" Nami siwezi kusema dada yangu hajui. Halafu anakaa pale chini ya picha yako, ananipepea.

Nijibu kama fundi anavyomjibu fundi. Yule mnyama aliyevuta mguu, alitembea?

Mdogo wako,
Gosbert


SIMU YA MAANDISHI
Leningrad, 2 Agosti 1975

MGEUZENI GOSBERT KILA SAA MBILI. MRUDISHENI HOSPITALI LEO. MUUGUZI YUKO SAHIHI. NIMEKOSEA MIMI. SPECIOZA


Leningrad
2 Agosti 1975

Mama, Gosbert,

Barua zenu mbili zimenifikia leo kwa pamoja. Naanza na Gosbert kwa kuwa ndiye aliyeuliza. Hapana, hakutembea. Ule mguu ulishtuka tu, kama wa kuku aliyekwisha kuchinjwa. Hapa hakuna aliyetembea. Hakuna anayejua kama kuna atakayetembea.

Mama, sitengenezi dawa. Sijashika hata kisu. Wanaopasua ni wengine. Kazi yangu ni sungura. Wanakatwa uti wa mgongo, nusu ya mwili inakufa, halafu tunakabidhiwa sisi, wanafunzi wanne. Asubuhi nawakamua kibofu kwa vidole, taratibu, kwa sababu wenyewe hawawezi kukojoa. Nawafuta, nawakausha, nawabadilishia nyasi. Kila saa mbili mmoja wetu anawageuza. Tusipowageuza wanaoza, na Profesa anakosa wa kumpima. Hiyo ndiyo mikono mizuri niliyokuandikia. Koti la kwenye picha niliazima.

Nimesomeshwa na nchi nzima, nikaja kukamua mkojo wa sungura. Nilipokufikiria unasoma hayo mbele ya Mama Ng'washi, nikaona haya. Yale ya utulivu niliyatoa kwenye kitabu. Ni ya saa za mwanzo, mtu anapobebwa kutoka alipoangukia. Sikuyamalizia, kwa sababu yalivyokatika hivyo yalionekana ya kisomi. Ya kugeuza nilikuwa nayajua kwa mikono yangu miwili, kila siku, na hayo ndiyo niliyoyaficha.

Kuna sungura mmoja ana wiki ya ishirini na tatu. Hakuna mwingine aliyefika huko. Hana kidonda hata kimoja. Meno yake ya mbele yametokeza, na mwezi wa pili, kwa utani, nilimwita Gosbert. Sasa siwezi kumwita.

Fanyeni anayosema Wilhelmina, yote. Mlazeni upande, goti juu ya goti na mto katikati. Vidonda visilaliwe. Shuka ikilowa itolewe hapohapo. Nimeomba kurudi. Wamepiga simu ubalozini Moscow, ubalozi umesema hakuna nafasi kabla ya likizo ya mwakani. Nimerudi maabara, maana zamu ilikuwa yangu.

Specioza


Mkuyuni, Mwanza
7 Septemba 1975

Mwanangu Specioza,

Simu yako ilifika parokiani Jumatatu tarehe nne Agosti. Padri ndiye aliyenisomea, maana miwani niliiacha nyumbani. Nilimwomba aisome tena, nikidhani Padri ndiye amekosea.

Nilikwenda nikamwita Malimi, tukamgeuza. Tulichokiona hakina haja ya kuandikiwa mtu wa mbali, kwa hiyo sitakuandikia. Tulimbeba juu ya mlango, Malimi aliung'oa. Wilhelmina alitupokea. Nilingoja anisute, nilikuwa nimejiandaa kabisa. Akasema, "Mama, shika huku, mimi nashika huku." Basi. Ningependa angenisuta.

Tulimgeuza siku kumi na moja, mimi, Malimi na Wilhelmina, kila saa mbili, bila kukosa. Sasa naijua kazi hiyo. Lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu na figo. Alifariki Ijumaa, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Siku mbili kabla aliniambia, "Mama, usimwambie dada kwamba nilioza." Ndiyo maana hapo juu nimekuandikia nusu. Jeneza alichonga Malimi, hakutaka mtu amshikie hata msumari. Tulivuka ziwa kwa meli mpaka Bukoba, yuko kibanjani karibu na baba yake, chini ya ile migomba ya upande wa barabara.

Barua yako niliikuta niliporudi. Hii sikuisoma darasani. Mama Ng'washi anakuja kila asubuhi, ananioshea vyombo, ameiona mezani, hajauliza. Leo nilimpa chai.

Unasema umekosea wewe. Aliyetia saini ni mimi. Mwandiko mzuri, nilikuandikia mwenyewe nikijisifu. Kwa hiyo usinipokonye.

Lakini kuna jambo moja sitalinyamazia, kwa sababu sijui nitaliweka wapi. Unasema uliona haya. Specioza, hunijui mimi? Mimi niliyejisifu mtaa mzima kwa sababu ulitapika kwenye ndege? Ungeniandikia tu, Mama, nageuza sungura kila saa mbili, na wangu hawaozi. Ningesimama mbele ya darasa lile nikawaambia hakuna mwingine Mkuyuni nzima, wala Mirongo, wala mpaka Kisesa, mwenye mtoto anayejua kumgeuza sungura wa Leningrad asioze. Ningewaonyesha na mkono unavyowekwa. Mama Ng'washi angecheka mpaka akae chini. Chai nisingempa. Halafu ningerudi nyumbani nikamgeuza mwanangu.

Usirudi. Hakuna wa kumwahi. Picha niliishusha siku ya msiba, sasa nimeirudisha ukutani, na ile nafasi iliyobaki kwenye fremu nimeiacha hivyohivyo.

Huyo sungura usimbadilishe jina. Niandikie ana wiki ya ngapi sasa, na kama anakula. Najua unaposoma hapa unalia. Angalia saa. Kama zimefika mbili, futa uso, kamgeuze.

Mama yako,
Bernadetta